Tumpeleke wapi? Kwa nini tiba ya uraibu haifanani kwa watu wawili

Familia ikishathibitisha kwamba kijana wao anatumia unga, au kwamba baba hawezi kuianza siku bila gongo, kikao huitishwa. Wajomba wapo, shangazi yupo, labda na jirani mmoja anayeheshimika. Husemwa mengi, wapo wanaolia na wapo wanaotupiana lawama, lakini mwishoni swali linabaki moja: tumpeleke wapi? Mmoja anataja sobahausi, yaani nyumba wanakoishi pamoja wanaoacha dawa na pombe, ambako mtoto wa rafiki yake alitoka mzima na sasa ana duka lake. Mwingine kasikia kuna dawa ya kunywa Muhimbili. Wa tatu anataka arudishwe kijijini, mbali na wenzake wa maskani. Mama mkubwa anasisitiza kwamba bila dua hakuna kitakachofanyika. Kila mmoja anamjua mtu aliyepona kwa njia anayoitetea, na hakuna anayedanganya. Ila watu hao wanne waliopona walikuwa na matatizo manne tofauti.

Swali la wapi limekuja mapema. Kabla yake yapo maswali ambayo kikao huyaruka: anatumia nini hasa, anakitumiaje, tangu lini, ana maradhi gani mengine, na akitoka huko atarudi kuishi na nani. Majibu yake ndiyo yanayoamua kama huyu anahitaji kitanda cha hospitali, dirisha la methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini), miezi ya sobahausi, au mazungumzo manne matano na mshauri nasaha karibu na nyumbani. Wataalamu huuita utaratibu huu tiba inayomlenga mtu binafsi. Jina linatisha kidogo, na vituo vingine vimeshaligeuza kuwa tangazo la biashara, lakini kiini chake ni hicho tu: ujue kwanza unamtibu nani.

Amefika wapi

Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, ambao madaktari wengi wa huku nao huutumia, hauulizi kama mtu ni teja au si teja. Una dalili 11. Mtu kutumia zaidi ya alivyokusudia, kujaribu kuacha akashindwa, kupatwa na hamu isiyompa nafasi ya kuwaza kingine, kutelekeza kazi na watoto, kuendelea ingawa anaona kinavyomwangamiza, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi ili apate kile kile cha jana, kuugua akikosa, na nyingine za namna hiyo. Mwenye dalili 2 au 3 ndani ya mwaka mmoja tatizo lake ni dogo, mwenye 4 au 5 ni la kati, na kuanzia 6 ni kali. Maana yake ni kwamba wapo watu wengi sana katikati, ambao bado hawajaanza kuuza masufuria ya nyumbani lakini tayari wana shida, na kuwafungia miezi sita pamoja na waliokuwa wakijidunga kwa miaka kumi ni kuwapa dozi isiyo yao.

Kwa pombe lipo dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, lenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Alama 8 na kuendelea zinaashiria unywaji wa hatari. Zikifika 20, mtu achunguzwe kwa utegemezi kamili. Katika Hospitali ya KCMC pale Moshi, watafiti walilipima dodoso hili kwa Kiswahili kwa majeruhi wanaofikishwa idara ya dharura, kisha wakatengeneza mpango waliouita Punguza Pombe kwa Afya Yako. Mhudumu anakaa na majeruhi kwa muda mfupi, wanazungumza juu ya unywaji wake na kilichomleta hospitali, bila kumkaripia. Aliyeanguka na bodaboda usiku wa Jumamosi huenda asihitaji zaidi ya mazungumzo hayo, yakifanyika wakati kidonda bado kinauma. Mwenzake wa kitanda cha pili, ambaye mikono inaanza kutetemeka kwa kuwa hajanywa tangu asubuhi, ni habari nyingine kabisa, na huyo akiachwa bila kutazamwa anaweza asifike kesho kutwa.

Arosto haziko sawa

Hapa ndipo makosa ya kikao hugharimu maisha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Arosto ni mateso ya mwili unapokikosa kile ulichokizoea, na inayojulikana zaidi mitaani ni ya heroini. Huanza ndani ya saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho. Kwanza miayo, machozi na makamasi, kisha malaika husimama, mifupa inauma, tumbo linakatika, mtu anaharisha na kutapika, halali. Hufikia ukali wake siku ya pili au ya tatu na kupungua ndani ya wiki moja hivi. Ni mateso makubwa, na ukimwona mtu anavyojikunja sakafuni utaelewa kwa nini anaiba. Lakini kwa mtu mwenye afya ya wastani, akipata maji ya kutosha, arosto ya heroini kwa kawaida haiui. Kutokana na uzoefu huo imezuka imani kwamba arosto zote ndivyo zilivyo: mfungie chumbani, mpe maji na uji, akimaliza wiki atakuwa ametoka.

Mfungie hivyo hivyo mnywaji wa gongo au changaa wa miaka kumi na tano anayekunywa kuanzia asubuhi, na unaweza kumzika. Pombe huuzoesha ubongo kufanya kazi huku umebanwa. Ikiondolewa ghafla, ubongo unaruka kama uliofunguliwa kamba. Saa chache za mwanzo ni jasho na mtetemeko. Kati ya saa ya 6 na ya 48 kinaweza kuja kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huingia kwenye kuweweseka: wanaona wadudu ukutani, hawajui wako wapi, joto na mapigo ya moyo yanapanda. Hali hiyo isipotibiwa huua. Nyumbani mara nyingi hutafsiriwa kuwa mashetani yamepanda, na saa ambazo zingetumika hospitalini zinaishia kwenye ubani.

Hospitalini tiba yake si ya ajabu. Hupewa diazepamu au dawa ya jamii yake kwa kiasi kinachopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1, ambayo kitaalamu ni thiamini. Hiyo vitamini watu huidharau. Mnywaji wa muda mrefu hali vizuri, akiba ya thiamini mwilini imekwisha, na kukosa kwake kunaweza kuharibu ubongo kwa namna isiyorudi: kumbukumbu inaondoka, miguu haimtii. Ndiyo maana madaktari huitoa mapema, kabla au pamoja na dripu ya sukari.

Diazepamu yenyewe, ambayo mtaani ni valiamu, ni uraibu wa tatu wenye sheria zake. Mtu aliyeizoea kwa miezi akiacha kwa siku moja naye anaweza kupata kifafa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi. Wapo watumiaji wa unga wanaotumia vidonge hivyo pamoja na heroini na hawavitaji wanapoulizwa, kwa sababu machoni pao hivyo si dawa za kulevya. Muulizaji mzuri huuliza kimoja kimoja: unga, bangi, pombe, vidonge vya usingizi, tramadoli, dawa ya kikohozi yenye kodeini, gundi, mirungi.

Kokeini, mirungi na bangi hazina arosto ya namna ya kutetemeka na kutapika iliyozoeleka. Uzito wao uko kichwani: usingizi uliovurugika, huzuni nzito, hasira, kwa wengine mawazo ya kujiua. Hazina dawa mahsusi iliyothibitishwa ya kuziondoa. Tiba yake ni ya mazungumzo, mazoea mapya na kutibu kile kilichokuwa kimejificha chini yake.

Kwa hiyo jina la kitu anachotumia mtu, peke yake, limeshagawa njia mara nne. Na bado hatujamtazama mtu mwenyewe.

Dirishani

Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, miongoni mwa mipango ya kwanza ya hospitali za umma kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoa mingine. Zanzibar ina kliniki yake Kidongo Chekundu. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwaka 2015 na kwingineko Pwani. Dawa hutolewa bure Tanzania, na kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu kila siku, kisha anazungumzishwa kidogo ili ihakikishwe imemezwa kweli.

Ukiitazama foleni ya asubuhi utadhani hii ndiyo tiba isiyomjali mtu binafsi kuliko zote: dirisha lile lile, kikombe kile kile, dawa ile ile. Kumbe ni kinyume. Ndani ya kile kikombe kiasi kinatofautiana kwa kila mtu, na kukipata kiasi hicho ni kazi ya wiki.

Methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Kwa makadirio, baada ya siku moja karibu nusu yake bado ipo, ingawa watu hutofautiana sana. Sasa chukua mgonjwa aliyeanzishwa miligramu 30. Kesho anakuja akiwa na 15 mwilini, ananywa 30 nyingine, inakuwa 45. Keshokutwa kutoka 45 zimebaki 22 na nusu, akiongeza 30 anafika 52 na nusu. Dozi haijapandishwa hata tone, lakini kilichomo mwilini kinakaribia mara mbili. Ndiyo sababu daktari anagoma kumwongezea mgonjwa anayelalamika siku ya kwanza kwamba hajasikia chochote. Kinachompoza tu Jumatatu kinaweza kumzimisha pumzi Alhamisi, hasa akichanganya na pombe au valiamu. Huanzwa chini, hupandishwa taratibu, na wengi hutulia mahali fulani kati ya miligramu 60 na 120. Aliyetulia kwenye 60 hajamzidi imani aliye kwenye 110. Maini yao hayafanani.

Kisha mgonjwa huyo aliyetulia anaanza kukohoa. Anapimwa, ana kifua kikuu, anaanzishwa dawa za miezi sita. Miongoni mwake imo rifampisini, na rifampisini huyaamsha maini yaivunje methadoni kwa kasi kubwa. Baada ya siku kadhaa yule mtu aliyekuwa amenenepa, aliyeanza kuaminiwa kutumwa dukani, anaonekana anatoka jasho, anapiga miayo, halali. Nyumbani wanatazamana: amerudia. Mama anaficha pochi. Naye anajua hajagusa kitu, lakini nani atamwamini teja? Akikata tamaa atatafuta kete kweli, na hapo familia itasema tulijua. Alichohitaji ni dozi kupandishwa tu. Miezi sita ikiisha kazi inageuka: rifampisini imeondoka, maini yanarudi kwenye mwendo wake wa zamani ndani ya wiki chache, na dozi ile kubwa iliyokuwa inamtosha sasa ni ya hatari. Lazima ishushwe. Baadhi ya dawa za zamani za kufubaza VVU, kama efavirenzi na nevirapini, nazo hufanya jambo linalofanana na hilo. Kliniki ya kifua kikuu, kliniki ya VVU na dirisha la methadoni zisipozungumza, mgonjwa ndiye anayelipa.

Vivyo hivyo kwa dawa za pombe. Naltreksoni huwapunguzia baadhi ya wanywaji hamu. Mpe mtu mwenye heroini au methadoni mwilini, utamtupa kwenye arosto kali ndani ya dakika chache. Disulfiramu humfanya mnywaji aumwe akionja pombe: uso kuwaka, moyo kwenda mbio, kutapika, presha kushuka. Humsaidia aliyeamua mwenyewe na anayejua anachokimeza. Kuna ndugu wanaosagia kidonge hicho kwenye chai ya baba kwa siri ili pombe imchukize. Huo si ujanja, ni kumtegea mtu sumu, kwa sababu akinywa chupa tatu juu yake moyo unaweza kushindwa.

Soba na dawa

Katika pwani yetu sobahausi zilijibu hitaji ambalo hospitali hazikuwa na jibu lake. Malindi palikuwa na Omari Project tangu miaka ya 1990. Zanzibar zilianza kushamiri mwishoni mwa miaka ya 2000, nyingi zikiendeshwa na waliokuwa watumiaji wenyewe, na Bara zikafuata. Maisha ya mle yana ratiba: kuamka mapema, usafi, kikao cha asubuhi, kazi za mikono, kikao cha jioni, na siku inayohesabiwa kuwa leo tu. Mafundisho yake yanatokana na hatua 12 za Alcoholics Anonymous, iliyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, na Narcotics Anonymous, iliyoanzia California mwaka 1953. Nguvu yake iko kwa yule anayekupokea mlangoni: naye alilala mitaroni, hutamdanganya, na bado yuko hai.

Udhaifu wake nao uko hapo hapo. Aliyepona kwa njia moja huona ni vigumu kuamini nyingine. Katika baadhi ya nyumba mtu wa methadoni huambiwa bado yumo, amebadilisha muuzaji tu. Upande wa hospitali nao wapo wanaozidharau soba kama nyumba za nyimbo. Mimi huu ubishi siuoni kuwa na faida kwa mgonjwa. Methadoni humtoa mtu kwenye mbio za kete, humpunguzia kujidunga na hatari ya VVU na homa ya ini, na humpa saa za mchana ambazo hakuwa nazo. Haimfundishi afanye nini na saa hizo. Soba hufundisha hilo, lakini haina cha kumpa mwenye miaka kumi na miwili ya kujidunga ambaye ametoka soba mara nne na mara nne amerudia. Kumwambia huyo kwa mara ya tano kwamba hajakusudia ni kumlaumu kwa tiba iliyoshindwa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwenye vikao. Nyumba nyingi za namna hii ni za wanaume. Mwanamke anayetumia hupungukiwa mara mbili: aibu yake ni kubwa zaidi mtaani, na akiingia tiba ya kulala huko, watoto anamwachia nani? Wengi wana mwanamume ambaye naye anatumia na ndiye anayewaletea, kwa hiyo kumtibu mmoja na kumwacha mwingine ni kazi bure. Akiwa mjamzito, ushauri wa kuacha leo leo ni mbaya kabisa. Arosto ya ghafla inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Huwekwa kwenye methadoni, na mimba inapokua mwili wake huimaliza dawa haraka zaidi, dozi iliyomtosha mwezi wa nne haimtoshi mwezi wa nane. Hupandishwa, au hugawanywa anywe mara mbili kwa siku. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, nayo inatibika wodini. Kwa kawaida mama huruhusiwa kunyonyesha. Wakunga wasiojua haya humfukuza kwa maneno, na akifukuzwa mara moja kliniki ya wajawazito hataiona tena.

Utafiti uliowashangaza wenyewe

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi tupate orodha, aliye hivi apelekwe huku, aliye vile kule. Marekani walijaribu. Utafiti mkubwa ulioitwa Project MATCH, ambao matokeo yake makuu yalitoka mwaka 1997, ulichukua wanywaji 1,726 na kuwagawa kwa bahati nasibu katika aina tatu za ushauri: ule wa kumfundisha mtu kuyatambua na kuyakabili mazingira yanayomrudisha kwenye pombe, ule wa kumwandaa kwa hatua 12, na ule mfupi wa kumchochea aamue mwenyewe. Watafiti walikuwa wameandika mapema nani angefaidika na kipi, kwa kutazama ukali wa uraibu, jinsia, hali ya akili na mengine. Takriban utabiri wote ulianguka. Makundi yote matatu yalipata nafuu kubwa, na kwa viwango vinavyokaribiana.

Machache yaliyosimama yana ladha yake. Waliokuja na hasira nyingi walifanya vizuri zaidi na ushauri ule wa tatu usiowasukuma. Na waliozungukwa na marafiki walevi, baada ya miaka mitatu, walifanya vizuri zaidi na hatua 12, kwa kuwa vikao viliwapa watu wapya wa kukaa nao. Hilo la pili mtu wa Manzese au wa Majengo hahitaji kuletewa utafiti kutoka Marekani ili alielewe. Akitoka soba akirudi kijiwe kile kile, hata kama hana hamu, salamu tu inatosha kumrudisha.

Wapo waliousoma utafiti huo na kuhitimisha kwamba kumlenga mtu binafsi ni porojo. Sidhani. Ulipima jambo moja: kuchagua aina ya ushauri mwanzoni, mara moja, kwa wanywaji wa pombe. Haukusema kwamba mwenye kifafa cha pombe atibiwe kama mvuta bangi. Ulichobomoa ni ile ndoto ya kumpima mtu siku ya kwanza na kumkabidhi kwa njia yake ya milele. Kinachobaki ni kazi ya polepole: anza na linaloonekana kufaa, mwulize kila baada ya wiki chache, na lisipofanya kazi ubadilishe mpango kabla hujambadilisha jina yeye.

Na mara nyingi kinachotakiwa kubadilishwa si dawa. Mgonjwa wa methadoni anayekosa dozi siku tatu kwa wiki anaweza kuwa hana nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, au amepata kibarua kinachoanza saa moja asubuhi na dirisha linafunguliwa saa hiyo hiyo. Baadhi ya kliniki sasa huwapa waliotulia dozi za kwenda nazo nyumbani, na kwa mtu wa kibarua hilo ni badiliko kubwa kuliko ushauri nasaha wowote. Mwingine ana kesi mahakamani. Mwingine hana kitambulisho, kwa hiyo hawezi kusajili laini wala kuomba kazi. Mwingine alianza unga baada ya kubakwa, na kila akikaa soba siku arobaini bila kitu kichwani ndoto zinarudi. Huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili tangu siku ya kwanza, si baada ya kuwa safi. Dua nayo ina nafasi yake kwa anayeiamini, na nimewaona viongozi wa dini wanaofanya vizuri zaidi ya kliniki katika kumrudisha mtu kwenye jamii. Wanaoharibu ni wanaomwambia mgonjwa atupe dawa zake ili imani ionekane.

Kabla ya kulipa

Kama kikao kimeshaamua kituo, yapo mambo ya kuuliza kabla pesa haijatoka. Nani atampima kitabibu siku anayoingia, na mwenye pombe au valiamu atapitia wapi arosto yake? Anayetumia dawa za VVU, kifua kikuu, kisukari au methadoni ataendelea nazo humo ndani? Mpango wake utaandikwa na kupitiwa tena lini? Anaweza kuondoka akitaka? Hili la mwisho wengi hawalipendi, lakini mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja yakitaka vituo vya kuwaweka watu kizuizini kwa lazima kwa jina la tiba vifungwe. Kituo kinachofunga watu minyororo au kuwachapa hakina tiba, hata kama kinatoa cheti. Na swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: akitoka, wiki ya kwanza nje ina mpango gani?

Wiki hiyo ndiyo yenye kaburi. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya inakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa hurudia, kiwango kinachokaribiana na wagonjwa wa presha na pumu wanaorudiwa na dalili. Kwa presha hatumfukuzi mtu hospitali. Kwa heroini kuna hatari ya ziada: aliyekaa safi miezi mitatu, soba au gerezani, mwili wake umesahau. Akirudi akachukua kiasi kile kile alichokiacha, kinaweza kumtosha kumaliza. Familia inayodhani sasa amepona, haina haja ya kulizungumza, ndiyo inayokutwa haijajiandaa.

Aliyezidisha, au ovadozi kama wanavyosema maskani, utamwona haamki ukimwita na kumsugua kifua kwa nguvu, anapumua kwa nadra au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Asimwagiwe maji, asidungwe maji ya chumvi, asilazimishwe kunywa maziwa. Itafutwe gari. Kama hapumui, apulizwe pumzi mdomoni. Kama anapumua, alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi. Dawa inayomrudisha ni naloksoni. Akipewa anaweza kuinuka ndani ya dakika chache, akiwa na hasira na arosto, akitaka kuondoka. Asiachwe aondoke, kwa sababu naloksoni huisha nguvu ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na heroini au methadoni iliyomo mwilini inaweza kuwa bado ipo, ikamlaza tena akiwa peke yake.